Neno Moja Nililosahau Kuandika

Huenda unaikumbuka makala niliyoandika katika kurasa hizi miaka mitatu iliyopita kuhusu manjano, majani ya chai na vitunguu vyekundu. Ikiwa uliisoma kisha ukaisahau, basi heri yako. Kuna msomaji mmoja ambaye hakuisahau. Aliikata kwa makasi ya kushonea, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyebisha hodi nyumbani kwetu Umoja alisomewa angaa aya mbili kabla ya kumiminiwa chai. Msomaji huyo ni babangu mzazi.

Baba alifanya kazi ya reli kwa miaka 31. Kwake yeye, jambo lililopigwa chapa ni kama ratiba ya gari moshi: ikisema saa mbili, basi ni saa mbili. Na jambo lililopigwa chapa na bintiye wa kwanza, aliyemlipia karo ya chuo cha uandishi kwa kuuza ng'ombe wawili, je? Hilo lilikuwa zaidi ya ratiba.

Katika makala hiyo nilieleza kwamba mimea ina kemikali ziitwazo antioksidanti, na kwamba wanasayansi wamegundua kuwa kemikali hizo hulinda moyo, ubongo, ini na figo zisiharibike wakati damu inapokatizwa njia. Hakuna uongo katika sentensi hiyo. Hata leo naweza kuitetea mbele ya mhariri yeyote. Ila nilisahau neno moja, na kwa sababu ya neno hilo leo ninakuandikia tena.

Ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa ameondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kununua mboga za kibanda chake, kama afanyavyo kila Jumamosi. Baba aliamka mwendo wa saa kumi na mbili, kama ilivyo desturi yake, akaenda kupiga mswaki. Mswaki ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, akatusimulia baadaye, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwazima. Alipojaribu kujisemea kitu, maneno yalitoka kama ya mlevi.

Sasa hebu jiweke katika nafasi yake. Uko peke yako, una umri wa miaka 68, una presha, na mkono umegoma. Simu iko mezani. Wewe ungefanya nini? Baba alifanya lile alilodhani nilimfundisha. Alienda jikoni, akafungua kopo la unga wa manjano ambalo mimi mwenyewe nilimnunulia, akachanganya na maji moto akitumia mkono wa kushoto, akanywa, kisha akajilaza akisubiri kinga ifanye kazi yake. Hakunipigia simu. Anasema hakutaka kunisumbua siku ya mapumziko.

Mama alirudi saa saba mchana akamkuta kitandani, mdomo umeenda upande. Nilipopigiwa simu nilikuwa kwa msusi, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama kama za mwendawazimu, na hivyo ndivyo nilivyofika. Tulikodi teksi. Barabara ya Jogoo siku ya Jumamosi mnaijua wenyewe. Kufika hospitalini ilikuwa saa tisa alasiri.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanadada wa umri wangu hivi. Swali lake la kwanza halikuwa jina la mgonjwa wala nani atalipa. Aliuliza, "Mzee, shida hii ilianza saa ngapi?"

Baba hakuweza kutamka. Aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha vidole vitano, akavikunja, akaonyesha vitano tena, halafu viwili. Kumi na mbili. Daktari akatazama saa ya ukutani, nami nikamwona akimeza mate.

"Alipewa dawa yoyote nyumbani?"

Mama akasema, "Nimekuta kikombe cha manjano mezani, daktari. Alisoma kwenye gazeti."

Sikusema gazeti gani. Sikusema lolote.

Picha ya kichwa ilionyesha kwamba kiharusi cha baba kilikuwa cha aina ya donge la damu lililoziba mshipa, wala si cha mshipa uliopasuka. Daktari akatueleza kwa upole kwamba kwa kiharusi cha aina hiyo iko sindano ya kuyeyusha donge, lakini inafaa kudungwa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Ukipita muda huo, hatari ya damu kuvuja ndani ya ubongo huanza kuzidi faida. Aidha, katika hospitali chache zenye mitambo na wataalamu wake, donge laweza kuvutwa kwa waya mwembamba hata baada ya saa hizo kwa baadhi ya wagonjwa. Hospitali tuliyokuwamo haikuwa mojawapo, na baba hakuwa katika hali ya kuhamishwa. Saa tisa nzima zilikuwa zimepita. Kwa saa saba kati ya hizo alikuwa amelala akinisubiri mimi, yaani akiisubiri makala yangu ifanye kazi.

Mwaka 2006 mtafiti mmoja wa Marekani alipiga hesabu akaona kwamba mtu anaposhikwa na kiharusi cha kawaida cha mshipa mkubwa ulioziba, ubongo hupoteza takriban chembe za neva milioni 1.9 kila dakika. Niliisoma takwimu hiyo usiku ule nikiwa kwenye benchi la wodi. Nikaanza kuzidisha kwa dakika za baba. Nikaacha.

Katika majuma yaliyofuata, wakati baba anafundishwa upya kushika kijiko, nilirudi kusoma. Safari hii sikusoma kurasa za mbele za utafiti peke yake, zile za kujisifu, bali nilisoma kila kitu: panya walikuwa wangapi, walilishwa nini, na walilishwa lini. Yule daktari alinisaidia pale nilipokwama. Haya ndiyo niliyoelewa, nami nitakueleza jinsi nilivyomweleza mama.

Wewe mkazi wa Eastlands unaujua mgao wa maji. Mifereji hukauka siku tatu, nne. Ndani ya mabomba kutu inabanduka, tope linaganda, hewa inajaa. Halafu usiku wa manane unasikia mfereji unakohoa. Maji yamerudi! Unakimbia na ndoo, na kinachotoka kwanza ni mlio, hewa, kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayotema mchanga. Mara nyingine bomba lililokaa kavu hupasuka si wakati wa ukame bali wakati ule ule maji yanaporejea kwa kishindo.

Viungo vya mwili navyo ni vivyo hivyo. Damu inapokatizwa, chembechembe za kiungo hukosa oksijeni. Ubongo ndio huumia haraka zaidi, kwani ingawa uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Chembe isiyopata oksijeni hujaribu kujikimu kwa kuchoma sukari bila hewa, na matokeo yake ni asidi inayorundikana. Nguvu inapokwisha, chembe haiwezi tena kusukuma nje chumvi zisizotakiwa, hivyo sodiamu na kalsiamu huanza kuingia kama abiria wa matatu ya mwisho. Hayo ndiyo madhara ya ukame.

Lakini kuna madhara ya pili ambayo watu wengi hawayafahamu. Mnamo 1960, wanasayansi wa Marekani wakiongozwa na Robert Jennings walichunguza mioyo ya mbwa ambayo mshipa wake ulikuwa umefungwa kwa muda kisha ukafunguliwa. Waliona kwamba damu ilipoachiliwa, misuli ya moyo ilionyesha dalili za kufa kwa haraka kuliko walivyotarajia. Yaani uokoaji wenyewe ulikuwa na kisu mkononi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, kundi la watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza lilieleza sehemu kubwa ya fumbo hilo. Wakati wa ukame, kemikali iitwayo suksineti hurundikana ndani ya mitokondria, ambazo ni vinu vidogo vya kuzalisha nguvu katika karibu kila chembe. Oksijeni inaporudi ghafla, vinu hivyo huichoma akiba hiyo yote kwa pupa. Umeme wa vinu huenda kinyume, na badala ya nguvu, hutoka molekuli kali za oksijeni zinazounguza kila kinachozigusa: mafuta ya ukuta wa chembe, protini, hata chembe za urithi. Yote hayo hutokea katika dakika za mwanzo kabisa. Halafu kalsiamu ile iliyokwisha kuingia hushirikiana nazo, vinu hutoboka, na chembe iliyovumilia ukame hufa kwenye neema.

Usije ukadhani basi ni afadhali damu isirudi. La, hasha! Kiungo ambacho damu haikurudi hufa chote. Maji ya tope ni bora kuliko mfereji mkavu. Tatizo ni namna ya kupunguza lile tope.

Na hapo ndipo mimea inapoingia. Mmea hauna mahali pa kukimbilia jua. Unasimama pale pale kutwa nzima ukipigwa na miale, na kazi yake ya kujitengenezea chakula kwa mwanga huzalisha molekuli zile zile kali za oksijeni. Kwa hiyo mimea imejitengenezea silaha za kuzizima. Manjano yana kurkumini, ambayo ndiyo rangi yake. Vitunguu vyekundu vina kwesetini. Majani mabichi ya chai, haya ya Kericho na Limuru, yana katekini, ingawa tunapoyachachusha kutengeneza chai nyeusi nyingi kati yake hugeuka kuwa kitu kingine, ambacho nacho kina nguvu zake. Wanasayansi wakajiuliza swali la haki kabisa: ikiwa silaha hizi huzima moto kwenye jani, je, haziwezi kuuzima kwenye figo?

Wakamchukua panya. Nchini China, India, Iran, Uturuki, Misri, Brazil na kwingineko, jaribio limerudiwa mara nyingi mno na hufanana. Panya hulazwa usingizi, tumbo hufunguliwa, mshipa wa figo hubanwa kwa kibanio kidogo, mara nyingi kwa dakika 30 hadi 60, kisha huachiliwa. Baada ya siku moja hivi damu hupimwa kuona figo zimeumia kiasi gani. Panya waliopewa kurkumini, au kwesetini, au katekini, kwa kawaida huonekana wameumia kidogo kuliko wenzao waliopewa maji. Ukifanya hivyo kwa ini, kwa moyo au kwa ubongo, mara nyingi matokeo ni yale yale. Hayo ndiyo niliyoyaandika miaka mitatu iliyopita, nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota noti barabarani.

Neno nililolisahau ni "kabla".

Katika sehemu kubwa ya majaribio hayo, panya alipewa dawa kabla ya mshipa wake kubanwa. Wengine walinyweshwa saa moja kabla, wengine siku saba, wengine majuma mawili. Mtafiti alijua ni siku gani na dakika gani atamkatia panya damu, na dakika gani atamfungulia. Na alimfungulia! Katika majaribio ya namna hii mshipa hauachwi umefungwa huku panya akinyweshwa manjano na kuambiwa alale. Dawa haikuondoa kibanio. Mkono wa mtafiti ndio uliokiondoa. Baba hakuwa na mkono huo pale Umoja. Kibanio chake kilikuwa donge la damu, na manjano hayayeyushi donge.

Kwa nini "kabla" lina uzito hivyo? Kwanza ni kwa sababu moto wenyewe huwaka katika dakika za mwanzo. Silaha isiyokuwamo ndani ya kinu wakati huo imechelewa. Pili, kuna jambo la ajabu lililoonekana mwaka 1986. Jennings yule yule na wenzake walibana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika tano, wakaachilia, wakarudia mara nne, ndipo wakaubana kwa dakika 40. Ungetarajia moyo huo uharibike zaidi. Kinyume chake, sehemu iliyokufa ilikuwa kama robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuonjeshwa shida kwanza. Moyo ulikuwa umejifunza. Siku hizi wapo wanasayansi wanaoamini kwamba kemikali nyingi za mimea hazizimi moto zenyewe. Huchokoza chembe kidogo tu, nayo chembe hujihami kwa kutengeneza silaha zake. Kujihami huko huchukua saa kadhaa au siku. Ni kama chanjo, na hakuna anayechanjwa akiwa tayari mahututi.

Utaniuliza: basi, si tunywe kila siku ili tuwe "kabla" wakati wote? Nami nilijiuliza hivyo, tena kwa matumaini. Nikatafuta wanadamu.

Kuna mahali ambapo daktari hujua saa kamili ya kukatiza damu ya binadamu, napo ni chumba cha upasuaji. Nchini Thailand, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulihusu wagonjwa 121 waliokuwa wanafanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Nusu walipewa viini vya manjano kuanzia siku tatu kabla hadi siku tano baada ya upasuaji. Waliopata mshtuko wa moyo wakiwa hospitalini walikuwa asilimia 13.1, ilhali kati ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 30. Niliposoma hapo nusura nishangilie. Lakini watu 121 ni wachache, hata mkutano wa chama chetu cha akina mama huwazidi.

Kisha nikapata utafiti wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2018. Huu ulikuwa mkubwa zaidi: wagonjwa 606 katika hospitali 10, wote wakitengenezewa mshipa mkuu wa tumboni uliovimba. Walipewa dozi nane za kurkumini, kila dozi miligramu 2,000, katika muda wa siku nne za kuelekea na kupita upasuaji. Hapa "kabla" lilizingatiwa, dozi ilikuwa kubwa, na saa ilijulikana. Matokeo? Dalili za uvimbe na madhara hazikupungua. Na figo, zile zile figo ambazo panya alikuwa ameokolewa, ziliumia ghafla kwa asilimia 17 ya waliopewa kurkumini, dhidi ya asilimia 10 ya wale ambao hawakupewa.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mimi niliwaandikieni kwamba manjano hulinda figo.

Mtu angesema hilo ni la manjano pekee. Lakini vitamini E nayo, ambayo huja kwa wingi kutoka mafuta ya mbegu na ni antioksidanti, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 9,500 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2000, na baada ya miaka minne na nusu haikuwa imepunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Nchini Finland, mwaka 1994, beta karotini, ile ya karoti, ilipotolewa kwa vidonge kwa wavuta sigara, saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 badala ya kupungua. Kumbe mwili huzitumia baadhi ya molekuli hizo kali kama matarishi wa kupeleka habari na askari wa kuua vijidudu. Ukizizima zote kiholela, umezima na zilizo na kazi.

Isitoshe, kuna suala la kipimo. Unga wa manjano wa dukani una kurkumini kama asilimia 3 tu. Ili upate ile dozi moja ya Kanada ungehitaji takriban gramu 65 za unga, ambazo ni zaidi ya vijiko 20 vya chai kwa mkupuo mmoja. Na hata ukiweza, tumbo na ini hubomoa sehemu kubwa kabla haijafika popote. Panya wa maabara ni kijana mwenye afya. Babangu ana presha, sukari inayopanda na kushuka, na mishipa iliyotembea naye miaka 68.

Sasa sitaki uondoke hapa ukidhani nimeigeuka mimea. Kuna habari moja iliyonipa moyo, na inatoka China. Katika mbegu za seleri, lile jani la supu, watafiti wa huko waligundua kiini kiitwacho butilifitalidi. Siku hizi hutengenezwa viwandani na imeruhusiwa China kama dawa ya kiharusi tangu mwaka 2002. Kati ya kazi zake kadhaa ni kupunguza zile molekuli kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliihusisha kwa wagonjwa 1,216 waliofika hospitalini mapema, ndani ya saa sita. Baada ya siku 90, asilimia 56.7 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa wamepata nafuu nzuri, ikilinganishwa na asilimia 44 ya wasiopewa. Tofauti hiyo si haba.

Lakini soma tena: walifika ndani ya saa sita. Na wote, bila kubagua, walikuwa wameyeyushiwa donge kwa sindano au kuvutiwa kwa waya. Dawa ya mmea ilikuja kusafisha tope baada ya mfereji kufunguliwa. Haikuja kufungua mfereji. Ingekuwa baba amefika saa moja asubuhi katika hospitali yenye vifaa, hata bila hiyo seleri, leo pengine ningekuwa ninakuandikia kuhusu mapambo ya sebule.

Nilimuuliza daktari kama tumnyime baba manjano kabisa. Akacheka. Akasema kwenye mchuzi hayana neno, na sukuma wiki, managu na terere baba ale mpaka achoke, kwani watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi wamepatikana na kiharusi kidogo kuliko wasiokula. Asichokitaka ni vidonge na unga wa chupa unaouzwa kwa maneno makubwa, hasa kwa kuwa sasa baba anameza dawa za kuzuia damu isigande, na baadhi ya mitishamba huongeza nguvu za dawa hizo hadi mtu akatokwa na damu. "Chochote anachokunywa nikijue," alisema. Kisha akaongeza kitu ambacho nimekibandika mlangoni pa friji ya mama: uso ukienda upande, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, angalia saa, iandike, na uondoke nyumbani.

Tangu siku ile nimepokea barua za wasomaji wakiuliza kuhusu ile makala ya zamani. Mama mmoja wa Nakuru aliuliza apimie mumewe kiasi gani. Nilimjibu siku hiyo hiyo, na kama kuna mwingine anayeihifadhi kama alivyoihifadhi baba, ninamwomba aandike neno "kabla" kwa kalamu juu ya kichwa chake, na chini yake aandike "panya".

Baba sasa anatembea kwa mkongojo hadi langoni na kurudi. Maneno yamerudi mengi, ingawa majina humkwepa. Mimi huniita kwa jina la dada yake marehemu, nami huitika. Mkono wa kulia hufunga vidole lakini haufungui vyema. Hatujawahi kuzungumza waziwazi kuhusu kile kikombe. Mara mbili nilijaribu kumwomba msamaha, na mara zote mbili aliniuliza kama nimekula.

Jumapili iliyopita nilimsomea makala hii kabla sijaileta kwa mhariri. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kitabu cha nyimbo kikiwa mapajani. Nilipofika pale pa unga wa manjano na mkono wa kushoto aliinua kidole nisimame. Nikadhani ameudhika. Alitafuta maneno kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kila yanapomponyoka.

"Hukuandika vingapi," akasema hatimaye. "Vilikuwa vijiko viwili. Andika viwili."